Kitabu Kilicho Mkononi mwa Mwenzako

Somo kwa wanandoa juu ya riwaya za mapenzi na tamthilia za televisheni



Siku za karibuni nimeulizwa maswali mawili yanayofanana. La kwanza lilitoka kwa baba mmoja wa jumuiya yetu hapa Garissa, tulipokuwa tukikunja mikeka baada ya rozari. Aliuliza: "Katekista, je, ni dhambi mke wangu kusoma vitabu vya mapenzi?" La pili lilitoka kwa mama mmoja aliyenivuta kando mlangoni pa kanisa. Yeye alisema: "Mume wangu anadai tamthilia zimenichukua akili. Lakini yeye Jumamosi nzima yuko na mpira wa Uingereza. Mbona wake si dhambi?"

Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu swali hilo liliwahi kuingia nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyelijibu vibaya. Nitawasimulia, kwa idhini ya mama watoto wangu, ili kosa langu liwe somo kwenu.

Kitabu nilichokitia jikoni

Ilikuwa mwaka 2015. Mnakumbuka yaliyotupata tarehe 2 Aprili mwaka huo, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Baada ya hapo serikali iliweka amri ya kutotoka nje katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, tangu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sisi Wakristu wachache wa mji huu, ambao wengi tumetoka Ukambani, Mlima Kenya, Nyanza na kwingineko kwa ajili ya kazi, tulijifungia ndani mapema. Jioni zikawa ndefu sana.

Mke wangu ni fundi wa cherehani. Alikuwa na rafiki yake, mwalimu, waliyeimba naye kwaya moja. Mwalimu huyo aliondoka Garissa kama walimu wengi wasio wenyeji walivyoondoka wakati ule, akamwachia sanduku la vitabu. Vilikuwa vile vijitabu vya mapenzi vya Kiingereza vinavyouzwa mitumba barabarani, vyenye picha ya mwanamume na mwanamke waliokumbatiana kwenye jalada.

Kila jioni, watoto wakishalala, yeye alisoma. Mimi nilikaa na redio yangu, nikisikiliza habari hadi usingizi unichukue. Nilimkejeli mara nyingi. Nilisema, "Mke wa katekista anasoma uongo wa Wazungu!" Yeye alitabasamu tu, akafunua ukurasa. Usiku mmoja nilikuwa nimechoka na nimejaa hofu, nami nikataka mtu wa kumkasirikia. Nikakinyakua kitabu mikononi mwake, nikakitia katika jiko la makaa.

Hakupiga kelele. Aliamka, akaenda kulala. Siku kumi na nne alinipikia, akanifulia, akanijibu nilipomwuliza jambo, lakini yeye mwenyewe hakuanzisha neno. Hatimaye alisema: "Nilikuwa nimebakiza kurasa ishirini."

Nikadhani anatania. Akaendelea: "Mwalimu ameenda, na sijui kama atarudi. Usiku tunalala tukisikiliza kila gari linalopita. Wewe uko na redio. Katika kitabu kile kulikuwa na mwanamume anayemwuliza mkewe siku yake ilikuwaje, kisha anangoja jibu. Hilo ndilo nililokuwa nikilisoma."

Ndugu zangu, mimi hufundisha mafundisho ya ndoa. Nimewaandaa wachumba wengi. Lakini usiku ule nilijiona kama mtu asiyejua kusoma. Mke wangu alikuwa akiniandikia barua kila jioni, waziwazi, mbele ya macho yangu, nami sikuweza kuisoma.

Barua isiyosomwa

Nimesema barua kwa sababu majirani zetu Wasomali wanayo riwaya inayohusu jambo hilihili. Mwaka 1972 lugha ya Kisomali ilipewa rasmi herufi za Kilatini huko Somalia. Miaka miwili tu baadaye, yaani 1974, mwandishi Faarax M. J. Cawl alitoa riwaya iliyo miongoni mwa za kwanza kabisa katika lugha hiyo, nayo ilikuwa ya mapenzi. Jina lake ni "Aqoondarro waa u nacab jacayl", yaani, kutojua ni adui wa mapenzi. Msichana aitwaye Cawrala anampenda Calimaax, mpiganaji wa Madarwishi, naye anamwandikia barua ya moyo wake. Lakini Calimaax, pamoja na ushujaa wake wote, hajui kusoma.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hadithi za mapenzi si ugonjwa ulioletwa na Wazungu. Kila taifa linazo, na hata wafugaji wa ngamia wanaopita na mifugo yao pembezoni mwa mji wetu wana nyimbo zao za mapenzi za tangu zamani. Pili, kinachoua mapenzi si hadithi. Mara nyingi ni kutojua kilicho moyoni mwa mwenzako.

Biblia Takatifu nayo haioni haya kusimulia mapenzi. Tunamsoma Yakobo aliyetumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na miaka hiyo ikawa kwake kama siku chache tu kwa jinsi alivyompenda. Tunawasoma Rutu na Boazi. Tunawasoma Tobia na Sara, waliosali pamoja usiku wa ndoa yao. Na Wimbo Ulio Bora unasifu uzuri wa wapendanao kwa maneno ambayo baadhi yetu tungeona aibu kuyasoma mbele ya wakwe. Kama Roho Mtakatifu hakuogopa hadithi ya mapenzi, kwa nini sisi tuiogope yote bila kuchagua?

Nyumba ya Mtakatifu Teresia

Kuna hadithi moja ya watakatifu ambayo ningeijua mapema ningelinusuru jiko langu na aibu. Mtakatifu Teresia wa Avila, aliyezaliwa Hispania mwaka 1515 na ambaye leo ni Mwalimu wa Kanisa, alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mama yake alipenda sana kusoma riwaya za mashujaa na mapenzi zilizopendwa nyakati zile. Mama huyo alikuwa mgonjwa na mwenye mateso mengi. Teresia alidhani mama alizisoma ili ayasahau mateso yake kidogo, na anashuhudia kwamba hakuacha kazi zake kwa ajili ya vitabu hivyo. Baba hakuvipenda, kwa hiyo mama na watoto walivisoma kwa kujihadhari asiwaone.

Teresia mwenyewe alinaswa navyo. Alivisoma saa nyingi, mchana na usiku, kwa siri, hata hakuwa na furaha kama hana kitabu kipya. Baadaye alihuzunika kwa muda alioupoteza.

Angalieni vizuri. Katika nyumba moja vitabu vilevile vilimpa mama mgonjwa pumziko, vikampa binti uraibu, na kati ya mume na mke vikaleta kujificha. Basi tusiulize tu, "Kitabu hiki ni kizuri au ni kibaya?" Tuulize pia, "Kinafanya nini ndani ya nyumba hii?"

Hadithi hizi hutengenezwaje?

Ili tuwe wasomaji wenye macho, inafaa tujue kazi ya mafundi wake.

Vijitabu vile vya mapenzi vinavyojulikana zaidi kwetu hutoka katika kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon. Kanuni yake ni moja: wawili wanakutana, vikwazo vinawatenga, mwishoni wanapatana. Msomaji anajua mwisho utakuwa wa furaha kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Ndiyo sababu vinapumzisha. Mtu aliyeshinda siku nzima na mambo asiyojua yataishaje anapenda kukaa saa moja na jambo linaloisha vizuri.

Tamthilia za televisheni zina ufundi mwingine. Wenye umri wangu wanakumbuka tamthilia za Meksiko zilizoonyeshwa na KBC miaka ya 1990, kama "The Rich Also Cry", iliyotengenezwa kwao mwaka 1979. Hizi huendelea kwa miezi kadhaa, kisha huisha. Za Marekani ni tofauti. "The Bold and the Beautiful" ilianza mwaka 1987 na mpaka leo haijaisha! Lakini zote hufanana kwa jambo moja: kila kipande hukatizwa pale mlango unapofunguliwa, au barua inapookotwa, au bibi harusi anapoulizwa kama anakubali. Hukatizwa hapo makusudi, ili kesho urudi. Ukijua hivyo, hutashangaa kwa nini moyo unakuvuta. Umewekewa mtego wa halali, kama muuza mahamri anavyoacha harufu ipite dirishani.

Jambo la mwisho la ufundi huu ndilo muhimu kwetu. Hadithi nyingi huishia harusini. Mashujaa wake hawadaiwi karo ya muhula wa pili. Hawaugui malaria. Hakuna shangazi anayefika ghafla kutoka nyumbani na mfuko wa mahindi na shida tatu. Hadithi inafunga pazia mahali ambapo Sakramenti yetu inaanzia. Si kosa la hadithi, bali sisi tusiisome kama ramani ya ndoa. Ni kama picha ya maua: unaifurahia, huendi kuimwagilia maji.

Kipimo cha Mtakatifu Inyasi

Sasa mtaniuliza, "Katekista, nitajuaje kama hadithi inanijenga au inanibomoa?" Kipimo ninacho, nacho kimetoka kwa mpenzi mwingine wa riwaya.

Mwaka 1521 askari mmoja wa Hispania, Inyasi wa Loyola, alivunjwa mguu na mzinga katika vita vya Pamplona. Akiwa kitandani aliomba riwaya za mashujaa alizozizoea. Nyumba ile haikuwa nazo, akapewa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Basi akawa na ndoto za aina mbili. Saa nyingine aliwaza juu ya bibi mmoja wa cheo kikubwa na mambo makuu ambayo angemfanyia. Saa nyingine aliwaza kufanya kama watakatifu walivyofanya. Zote zilimfurahisha alipokuwa akiziwaza. Lakini akagundua tofauti baadaye: zile za kwanza zikipita zilimwacha mkavu na mwenye uchungu, na zile za pili zikipita zilimwacha na furaha. Hapo alianza kujifunza kupambanua roho.

Wanandoa, tumieni kipimo hicho. Msijipime wakati hadithi inaendelea, maana wakati huo kila kitu ni kitamu. Jipimeni baada ya kufunga kitabu au kuzima televisheni. Geuka umtazame mwenzako. Je, unamwona kwa wema zaidi, una hamu ya kumsogelea, ya kumwambia neno? Au unamwona kama mzigo, mwenye tumbo, asiyejua kuongea? Ladha inayobaki ndiyo itakayokuambia ukweli.

Mambo manne ya kujihadhari

1. Kulinganisha. Yule mwanamume wa kwenye kioo amefundishwa maneno yake na mwandishi, amepakwa poda, na akikosea anarudia. Mumeo hana nafasi ya kurudia. Vivyo hivyo wewe baba, ukimwambia mkeo, "Ona jinsi yule anavyojipamba," umemjeruhi. Yule analipwa ajipambe. Huyu wako ameamka saa kumi na moja kukuwashia moto.

2. Kuficha. Kitu chochote unachokificha mwenzako asikione, kitabu, simu au kanda, kimeanza kuwa ukuta. Lakini tuseme kweli: mara nyingi mmoja huficha kwa sababu mwenzake ni mkali. Baba yake Teresia hakutaka kuviona vitabu, navyo vikaendelea kusomwa mafichoni. Mimi nilichoma kimoja, nikakaribia kumfundisha mke wangu kujificha. Ukali wako usije ukajenga ukuta unaoulaumu.

3. Kula muda wa nyumba. Kama watoto wanalala bila sala, kama mnaenda kitandani mmoja saa tatu na mwingine saa saba kwa sababu ya vipande vya simu vinavyofuatana bila kukoma, hiyo si burudani tena. Mtume Paulo anatukumbusha kwamba mume na mke wana haki ya kila mmoja juu ya mwenzake. Na wewe baba wa mpira, dakika tisini pamoja na mabishano ya baadaye nazo ni muda wa nyumba. Mizani iwe moja.

4. Kuchochea tamaa. Kuna vitabu na picha ambazo hazisimulii mapenzi, bali zinauza mwili. Bwana wetu ametufundisha kwamba uzinzi huanza moyoni kwa jicho la tamaa. Hapa hakuna kupima mara mbili. Funga, zima, weka mbali. Wala usikubali mwenzako akulazimishe kutazama unachoona aibu nacho.

Niongeze neno kwa wale wanaoishi mbalimbali, maana kwetu Kaskazini Mashariki ni wengi. Mume ni askari Mandera au mwuguzi Wajir, mke amebaki Mwingi au Thika na watoto. Upweke wa jioni ni mkali, na hadithi huwa rafiki wa haraka. Nimewahi kuketi na wanandoa ambao taabu yao ilianzia hapo. Mke alikuwa akizungumza juu ya tamthilia, jioni baada ya jioni kwa simu, na mwanamume mwingine aliyekuwa na muda wa kumsikiliza. Hawakuanza na ubaya, walianza na kipande cha jana. Lakini mume alipoulizwa kama alijua mkewe anapenda tamthilia gani, hakujua hata jina lake. Kosa la mmoja halifuti la mwenzake. Nyumba ile ilipona, lakini ilichukua muda mrefu na machozi mengi.

Tulivyojifunza kufurahia pamoja

Baada ya zile siku kumi na nne nilimwomba mke wangu msamaha. Nikamwomba pia ampigie simu yule mwalimu, nami nikakiri mwenyewe nilivyokifanyia kitabu chake. Mwalimu alicheka hadi simu ikakwaruza, kisha akamsimulia mke wangu zile kurasa ishirini kwa kinywa chake. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikiliza. Nakiri kwamba mwisho ule ulikuwa mzuri.

Tangu hapo tumeshika mambo machache. Si sheria ya Kanisa, ni desturi ya nyumba yetu, nanyi mnaweza kuyapima.

Ulizeni kabla ya kulaumu. Ukimkuta mwenzako na kitabu, usiulize, "Unasoma nini hicho?" kwa sauti ya askari wa kizuizini. Uliza, "Umefika wapi? Wamefanyaje?" Atakusimulia. Na katika kusimulia utasikia kinachomgusa. Mwanamke anayerudia mara tatu kwamba shujaa alimshika mkono mkewe hadharani anakuambia jambo. Mwanamume anayependa sinema ambamo baba anaheshimiwa na wanawe naye anakuambia jambo.

Chagueni hadithi moja iwe yenu wote. Mwaka 2020, wakati wa korona, amri ya kutotoka nje iliporudi, safari hii kwa nchi nzima, tulikuwa na tamthilia ya Kiswahili "Maria" ya Citizen TV, iliyoanza mwaka 2019 na kuisha mwaka 2021. Ilihusu msichana maskini wa mtaa wa mabanda na mapenzi yake katika nyumba ya matajiri. Jioni za 2015 tulikuwa wawili katika chumba kimoja kila mtu na lake. Jioni za 2020 tulicheka na kukasirika pamoja. Tulibishana sana kama Luwi ni mwanamume wa kuaminika au la, na katika ubishi huo tuliambiana mambo ya uaminifu ambayo hatukuwahi kuyatamka.

Zimeni, kisha zungumzeni. Kipande kikiisha, msirukie kingine. Dakika kumi tu zinatosha. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Furaha ya Mapendo wa mwaka 2016, alisisitiza kwamba mapendo yanahitaji muda: muda wa kuzungumza bila haraka, wa kusikilizana, wa kutazamana. Anatukumbusha pia maneno matatu ya nyumbani: naomba, asante, samahani. Mashujaa wa riwaya huyatumia sana. Sisi tuliooana miaka ishirini huyasahau.

Wekeni mipaka. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2004, alisema kwamba vyombo vya habari ni hatari na pia ni utajiri kwa familia. Aliwashauri wazazi wapange muda wa kuvitumia, wafanye burudani iwe jambo la familia nzima, wakatae kabisa baadhi ya mambo, na mara kwa mara wazime vyote wapate kufanya mengine pamoja. Kwetu, Ijumaa za Kwaresima televisheni haiwashwi. Watoto walinung'unika mwaka wa kwanza. Siku hizi wao ndio wanaotukumbusha.

Leteni tendo moja kutoka hadithini hadi nyumbani. Si shada la waridi, maana hapa Garissa lingekauka kabla hujafika mlangoni! Lete embe kutoka mashamba ya kando ya Mto Tana, umenye wewe mwenyewe. Mchotee maji ya kuoga adhuhuri ya jua kali. Mwite kwa jina ulilomwita wakati wa uchumba. Hamu iliyoamshwa na hadithi si adui. Ni maji ya mto: yakielekezwa shambani yanaotesha, yakiachwa ovyo yanabomoa kingo.

Nanyi mlio mbalimbali, someni kitabu kimoja au tazameni kipande kimoja kila mtu mahali pake, kisha mpigiane simu. Mtapata la kuzungumza zaidi ya karo na kodi ya nyumba.

Jioni hizi

Siku hizi jioni mke wangu hushona sare za shule, na macho yake hayawezi tena kushona na kusoma kwa pamoja. Kwa hiyo mimi ndiye msomaji. Tulianza na "Siku Njema" ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ambayo wengi wa rika langu wanaijua. Ninasoma kwa sauti, cherehani inalia, na mahali pazuri anaacha kukanyaga, ananiambia, "Rudia hapo." Adhana ya Isha ikisikika kutoka mtaa wa pili tunajua ni wakati wa sala yetu pia. Tunafunga kitabu, tunawaita watoto.

Basi, kwa yule baba aliyeniuliza kama ni dhambi, jibu langu ni hili: kama kitabu ni safi na nyumba haijasahauliwa, si dhambi. Lakini wewe, kukaa miaka bila kujua mkeo anasoma nini na kwa nini, hilo nalo lipeleke mbele ya Mungu. Na kwa yule mama, mkaribishe mumeo kwenye kiti cha pili. Kisha, mama, siku moja keti naye mpira ukichezwa, umwulize nani anacheza na nani. Atashangaa, halafu atakueleza mpaka uchoke.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Je, ninajua hadithi ambayo mwenzangu anaipenda zaidi, na kwa nini anaipenda?
2. Nikifunga kitabu au kuzima televisheni, ninamtazama mwenzangu kwa jicho gani?
3. Kuna ninachokisoma au kukitazama ambacho nisingependa akione?
4. Ni jioni gani ya wiki hii tutakayokaa na hadithi moja, sisi wawili, kisha tuzungumze?

Tusali: Ee Mungu Baba, uliyewajalia Tobia na Sara neema ya kusali pamoja katika nyumba yao mpya, utujalie na sisi katika nyumba zetu za zamani kuonana upya. Utufundishe kusomana mioyo. Utulinde na kila hadithi inayotutenga, na utubarikie kila furaha inayotukaribisha. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.